Kununua nyumba au kiwanja Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hati, majina na madalali

Maswali haya nimeyakusanya kwa ndugu, majirani na watu ninaowasindikiza ofisi za ardhi Dar es Salaam na Pwani. Mengi huja baada ya hela kutoka, na hilo linaniuma. Ukisoma kabla hujatoa kianzio, ukurasa huu umefanya kazi yake. Majibu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya zina maswali yao mwishoni.

## Unachonunua hasa ni nini

Je, ni kweli ardhi yote ni ya serikali na mimi ni mpangaji tu?

Kwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachopata wewe ni haki ya kuitumia na kuikalia, na haki hiyo ina thamani: unaiuza, unairithisha, unaiweka rehani. Serikali ikiitwaa kwa manufaa ya umma inatakiwa kukulipa fidia.

Kwa hiyo ukisikia "nauza kiwanja", elewa kwamba anauza haki aliyonayo juu ya kiwanja. Kama haki yake ni nyembamba, utakayopata nayo ni nyembamba. Maswali yanayofuata yote yanatokana na hapo.

Hati ya miaka 33, 66 na 99 zinatofautianaje?

Muda tu. Zote ni hatimiliki zinazotolewa na Kamishna wa Ardhi kwenye ardhi iliyopangwa na kupimwa. Usiangalie 99 iliyoandikwa juu ukaridhika. Hesabu miaka iliyobaki tangu tarehe ya kuanza. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 imebakiza michache. Muda ukiisha, mwenye hati aliyetimiza masharti ndiye hupewa nafasi ya kwanza ya kuongezewa, lakini shughuli hiyo ina gharama, nawe uiingize kwenye bei.

Soma pia ukurasa wa masharti. Mara nyingi umeandikwa kiwanja kiendelezwe ndani ya miezi 36 na kwa matumizi gani. Nimeona mtu ananunua kiwanja cha makazi akiwa na ramani ya godauni mkononi.

Muuzaji ana ofa tu. Ofa ni hati?

Hapana. Ofa, yaani barua ya toleo, inasema serikali imekubali kukumilikisha kiwanja fulani kwa masharti na malipo fulani. Wapo watu wamekaa na ofa miaka 20 bila kumalizia hati. Unaweza kununua kwa mtu mwenye ofa, ila kwanza nenda halmashauri au ofisi ya ardhi ya mkoa ukaone kama jalada lipo, kama ofa ililipiwa, na kama kiwanja hichohicho hakijatolewa kwa mtu mwingine. Bei ya ofa haipaswi kulingana na bei ya hati.

Hati ya kimila ina nguvu sawa na hati ya mjini?

Mbele ya sheria, hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na Kamishna. Mwanakijiji haimwekei ukomo wa miaka. Kinachobadilika ni namna ya kuihamisha: ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji, na mtu wa nje hawezi kuinunua kwa kukubaliana na mzee mmoja chini ya mwembe. Idhini ya halmashauri ya kijiji ionekane kwenye muhtasari wa kikao. Mahakama zimewahi kufuta mauzo ya ardhi ya kijiji kwa kukosa hicho tu, huku mnunuzi ameshachimba kisima.

Leseni ya makazi je?

Ni karatasi inayotolewa kwenye maeneo ya mijini yaliyojengwa bila kupimwa. Ni ya muda mfupi, inahuishwa. Inamlinda aliyepo asifukuzwe hovyo. Mnunuzi aichukulie kama hatua ya kuelekea urasimishaji, yaani eneo kupangwa, kupimwa na watu kupewa hati, na aulize mtaa huo umefikia wapi: michoro imepitishwa? Bikoni, zile alama za saruji za mipaka, zimewekwa? Au wananchi walichangishwa tu kisha kampuni ya upimaji ikapotea?

Hana chochote zaidi ya mkataba wenye mhuri wa serikali ya mtaa. Ninunue?

Nusu ya jiji imejengwa juu ya karatasi za aina hiyo, na siwezi kukwambia kila aliyenunua hivyo ametapeliwa. Ila jua unachonunua: maneno ya majirani na mhuri. Uliza aliyemuuzia huyu ni nani, na aliyemuuzia huyo ni nani, urudi nyuma hadi mmiliki wa asili. Ongea na majirani wa pande zote nne, peke yako, bila dalali pembeni. Kisha nenda kwa ofisa mipango miji wa halmashauri umuulize eneo hilo limepangiwa nini. Kiwanja kizuri kwa macho kinaweza kuwa barabara kwenye mchoro.

Ghorofani nikinunua fleti moja, hati inakuwaje?

Sheria ya mwaka 2008 iliruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Wengi tunaiita hati pacha. Unamiliki fleti yako peke yako, na pamoja na wenzako mnamiliki ardhi, ngazi, lifti, paa na maegesho. Mnakuwa na chama cha wamiliki, na kila mwezi unalipa mchango wa huduma.

Mambo mawili watu hawaulizi. Hati mama ya kiwanja ina miaka mingapi iliyobaki? Hati pacha inaishi ndani ya hiyo. Na anayekuuzia anadaiwa mchango wa miezi mingapi? Omba barua ya chama, maana deni hilo litakusubiri mlangoni pamoja na pampu ya maji iliyokufa. Kama mjenzi bado hajagawanya hati na anakuuzia "kwa ahadi", mwambie wakili wako aandike kwenye mkataba tarehe ya kukabidhi hati na nini kitatokea ikipita.

## Majina kwenye hati

Tunanunua wawili. Tuandikeje?

Kuna umiliki wa pamoja usiogawanyika: mmoja akifariki, aliyebaki anachukua chote. Njia hii ni ya wanandoa. Na kuna umiliki wa hisa, kila mtu na fungu lake, mfano 60 kwa 40, na fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake. Ndugu, marafiki na washirika wa biashara waandike hisa, na wataje mafungu kwa namba. "Tutaelewana baadaye" imevunja undugu wa watu ninaowapenda.

Hati ina jina la mume peke yake. Mke asaini?

Ndiyo, na usikubali maneno ya "mke wangu hana shida". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Tena jina kutokuwepo kwenye hati hakumfanyi mke kuwa mgeni: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia.

Ridhaa iwe ya maandishi, asaini mbele ya wakili akiwa na kitambulisho chake. Muuzaji akisema hajaoa au ametalikiana, aape kiapo, na talaka ionekane kwa karatasi. Akiwa na wake zaidi ya mmoja, uliza nani anaishi humo na nani ana haki humo, kisha wasaini wote. Yote haya yanahusu pia mume, kama hati ni ya mke.

Nyumba ni ya marehemu, watoto wote wamekubali kuuza. Inatosha?

Haitoshi. Mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba barua ya usimamizi, ikague kwenye mahakama iliyoitoa, kisha omba muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za warithi. Yule mtoto aliyeko mkoani ambaye "ameshaambiwa kwa simu" ndiye atakayekuja na pingamizi.

## Dalali, wakili, mpima, mthamini

Nani anafanya nini?

Dalali anakukutanisha na mwenye mali. Mpima anakuthibitishia kiwanja kiko wapi juu ya ardhi. Mthamini anasema kina thamani gani, na ripoti yake inatumika kwenye kodi na mkopo. Wakili anachunguza umiliki na kuandika mkataba. Shida huanza pale dalali anapojigeuza wote wanne: "Usijali bosi, hati nimeshaiangalia mimi."

Dalali anatakiwa awe na leseni?

Wathamini wana bodi yao ya usajili chini ya sheria ya mwaka 2016. Wapima na wataalamu wa mipango miji wana zao. Mawakili unawatafuta kwa jina kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili. Dalali wa mnada na dalali wa mahakama nao wana taratibu zao. Ila dalali wa nyumba na viwanja Tanzania Bara, kwa miaka mingi hajawa na bodi ya kumsajili wala ya kumfuta. Anayefanya kazi kihalali atakuwa na namba ya mlipakodi na leseni ya biashara ya halmashauri, basi ziombe. Mwaka 2025 serikali iliweka udalali wa nyumba kwenye orodha ya biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya.

Hii ina maana kazi ya kuchuja umeachiwa wewe.

Nitamtambuaje dalali mzuri?

Wapo, na mimi nina mmoja ambaye kwa miaka yote ananiambia "hiki usinunue" mara nyingi kuliko "hiki nunua". Dalali mzuri anakupa jina lake kamili na kitambulisho. Anakukutanisha na mwenye mali mapema, haogopi mkipeana namba, kwa sababu malipo yake yameshaandikwa. Ukitaja upekuzi, yaani kukagua umiliki kwa Msajili wa Hati, anakutumia namba ya kiwanja na ya kitalu siku hiyohiyo. Anajua maji yanapita wapi masika, na anakwambia kabla hujauliza.

Mwulize swali moja: "Nani amekupa kazi ya kuuza hii?" Jibu liwe karatasi au sauti ya mwenye mali. Akianza "nimepewa na jamaa aliyepewa na shemeji yake", hapo kuna mnyororo wa madalali, na kila pete ina bei yake juu.

Anayekuharakisha mwache. "Kuna mtu anakuja na cash jioni" nimelisikia kuhusu kiwanja kimoja miezi minane mfululizo.

Anadai hela ya kuzunguka kabla ya kunionyesha. Nimpe?

Kwa vyumba vya kupanga Dar ni kawaida, na kazi ya kuzunguka juani ni kazi. Mpe nauli mkiwa mmeshafika, tena mkubaliane itafidia nyumba ngapi. Usimtumie mtu usiyemjua kwa simu kabla hamjaonana. Kwa ununuzi sioni sababu ya kulipia kuonyeshwa. Malipo yake yako kwenye kamisheni.

Kamisheni analipa nani, na "cha juu" ni nini?

Kwenye kupanga, desturi ni mpangaji kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Kwenye kuuza, desturi ni muuzaji kulipa asilimia ya bei, ingawa wengine huomba pande zote mbili. Hakuna kiwango cha sheria, kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi kabla ya kwenda kuona.

Cha juu ni pale mwenye mali anapotaka milioni 30, dalali anakutajia 38 na tofauti anaibeba. Dawa yake ni kukaa meza moja na mwenye mali, bei itajwe kwa mdomo wake, na malipo yaende kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati. Mwenye mali naye alindwe: anayemnyima dalali haki yake baada ya kuletewa mteja anawafundisha madalali kuficha.

Dalali ana wakili wake, gharama nafuu. Nimtumie?

Tafuta wako. Wakili anayeletewa kazi na dalali kila wiki anahitaji mauzo yafanyike. Wewe unahitaji mtu anayeweza kusema yasifanyike. Na hakikisha jina lake kwenye e-Wakili, kwa sababu mihuri ya bandia ipo.

Mwenyekiti wa mtaa anadai asilimia 10 ya bei. Ni sheria?

Hakuna sheria inayompa hiyo asilimia. Akiwepo kama shahidi anayewafahamu wenyeji, ana msaada mkubwa, na kumshukuru kwa kiasi cha heshima ni uamuzi wako. Ushahidi wake hauchukui nafasi ya wakili.

## Kukagua na kulipa

Upekuzi ni nini?

Ni kuomba kwa Msajili wa Hati taarifa rasmi: nani amesajiliwa, kuna rehani, kuna pingamizi, kuna zuio la mahakama? Unalipia kwa namba ya malipo ya serikali na unapata majibu ya maandishi. Fanya mwenyewe au kwa wakili wako, na karibu na siku ya kulipa. Upekuzi wa miezi sita iliyopita ni habari ya zamani. Angalia pia deni la kodi ya pango la ardhi. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo uliza mita ni ya nani.

Kiwanja kina hati halali na upekuzi ni safi. Kwa nini bado nilipie mpima?

Kwa sababu ya kilichonipata mimi. Kiwanja changu cha kwanza kilikuwa upande wa Chanika. Hati halali, upekuzi safi, muuzaji ndiye mwenye jina. Dalali alinisimamisha kati ya minazi miwili, uwanja tambarare, akaniambia "mipaka ndiyo hii". Nikatoa kianzio cha milioni mbili.

Shemeji yangu akanisihi nimlete mpima. Kijana alikuja na mashine yake, akaingiza namba kutoka kwenye ramani ya upimaji, akaanza kutembea. Akaipita minazi. Akashuka mteremko, sisi nyuma yake, mpaka kwenye shamba la migomba karibu na korongo. Akapiga magoti, akakwangua udongo kwa ubapa wa panga, ikatokea saruji yenye nondo katikati na namba imechorwa juu yake. Ilikuwa namba yetu. Hati ilikuwa ya pale bondeni, penye alama ya maji shinani mwa migomba. Ule uwanja wa minazi ulikuwa wa mtu mwingine kabisa.

Kianzio nilirudishiwa nusu, baada ya miezi minne ya kupiga simu. Mpima nilimlipa sehemu ndogo sana ya hiyo hela. Tangu siku hiyo simwambii mtu yeyote anunue kabla hajaigusa bikoni kwa mkono wake.

Kodi na gharama za kuhamisha ni zipi?

Muuzaji mkazi wa Tanzania anadaiwa asilimia 10 ya faida aliyopata, na kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1. Ongeza ada za uthamini, za uhamisho na za wakili. Kodi ya faida ni ya muuzaji, lakini bila risiti yake jina halihamishwi, kwa hiyo mkataba useme nani analipa na lini, na ubaki na sehemu ya bei mpaka jina lako litoke. Mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi. Usipunguze bei kwenye mkataba ili kukwepa kodi; mkigombana, utadai kile kilichoandikwa.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Nyumba iko rehani benki. Naweza kuinunua?

Unaweza, na wakati mwingine ni salama kuliko zote kwa kuwa benki ilishakagua. Mkataba uwe wa pande tatu: wewe unalipa deni moja kwa moja benki, benki inaachia hati na kufuta rehani, salio linakwenda kwa muuzaji. Usimpe muuzaji hela "akakomboe hati".

Kuna mtu anaishi kwenye kiwanja changu kwa miaka mingi. Atakichukua?

Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12. Aliyekaa kwa ruhusa yako ni mgeni mwalikwa, na mgeni mwalikwa hageuki mmiliki kwa kukaa. Ndiyo maana mlinzi wa shamba aandikiwe karatasi, hata kama ni binamu yako.

Niko Marekani, nimechukua uraia wa huko. Bado naweza kumiliki?

Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo mbele ya Sheria ya Ardhi aliyechukua uraia mwingine si raia. Asiye raia hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji, kupitia taasisi ya serikali inayosimamia uwekezaji. Kabla ya kutuma hela, mwulize wakili habari ya hadhi maalum ya diaspora. Kama bado ni raia, mpe mtu wako mamlaka ya kisheria ya kazi moja tu, hela itumwe kwa mwenye mali, na rudia swali la mpima hapo juu kwa video ya moja kwa moja, bikoni ikionekana.

Zanzibar ni utaratibu huuhuu?

Hapana. Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na wageni wanaweza kununua fleti kwenye miradi iliyoidhinishwa kama ile ya Fumba. Tumia wakili wa Zanzibar.

Na Kenya?

Kule raia anaweza kumiliki ardhi bila ukomo wa muda, na Katiba ya 2010 inampa asiye raia mwisho miaka 99. Madalali wa nyumba wanasajiliwa na bodi chini ya sheria ya mwaka 1984. Ukinunua Mombasa, omba namba ya usajili ya wakala na uihakiki kwenye bodi.

Nimeshatapeliwa. Nianzie wapi?

Leo hii, weka pingamizi kwa Msajili wa Hati ili kiwanja kisihamishwe tena. Kusanya mkataba, risiti za benki, ujumbe wa simu, namba za mashahidi. Hati au mhuri ukiwa wa kughushi, ripoti polisi. Mgogoro wenyewe unapelekwa kwanza Baraza la Kata kusuluhishwa. Tangu 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linapatanisha tu, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu kulingana na thamani. Usiendelee kujenga "ili kushika eneo": tofali utakazopanga wakati kesi inaendelea unaweza kuamriwa kuzibomoa kwa gharama yako.